Vitanda Vyote Vimeuzwa

Shemeji yangu ni fundi vitanda, na mtaa mzima unamwita Sita kwa Sita. Jina hilo alijitafutia mwenyewe, msidhani alitunukiwa. Alipoanza kazi, kila aliyekuja kutaka kitanda cha futi nne kwa sita alimwuliza, "Ndugu yangu, unaoa au unakwenda bweni?" Mtu wa watu anaona haya, anaagiza sita kwa sita, kisha anakwenda kugundua nyumbani kwamba kitanda kimejaa chumba na mlango haufunguki mpaka mwisho. Wapo majirani zangu ambao hadi leo wanaingia chumbani kwao kwa ubavu, na yote ni kwa sababu ya ulimi wa shemeji yangu.

Amemwoa mdogo wangu wa tumbo moja. Mimi nauza mkaa ubavuni mwa karakana yake, mgongo nimeuegemeza kwenye ukuta wake wa mabati, kwa hiyo hakuna kinachosemwa humo ndani kikanipita. Nisichokisikia, nakiuliza.

Ni mtu mrefu, mwenye kucheka kwa sauti, penseli kaichomeka nyuma ya sikio hata akienda msibani. Hali ilipokuwa nzuri alikuwa na majivuno ya kutosha watu watatu. "Ndoa za mtaa huu nimezibeba mimi," alikuwa akisema. "Wenzangu wanafungisha tu, mimi ndiye ninayezishikilia zisifike chini." Na usipocheka anarudia, akidhani hukusikia.

Lakini fahari yake kubwa ilikuwa mashine ya randa. Ni lidude la chuma lililofungwa kwa bolti kwenye sakafu ya saruji. Unaingiza ubao wenye manyoya upande huu, unatoka upande wa pili umenyooka na unateleza. Kabla yake alikuwa akisukuma randa ya mkono tangu asubuhi mpaka bega likawa linalia kama bawaba. Waliinunua kwa kujinyima, yeye na mdogo wangu. Mdogo wangu ni msusi, anasuka watu barazani kwake, na mashine ile nusu yake imetoka kwenye vichwa vya watu. Bila mashine, shemeji ni mtu mwenye nyundo, na wenye nyundo ni wengi mno. Utawakuta kila asubuhi pale kona, wamejipanga wanasubiri kuitwa vibarua.

Halafu hali ikawa mbaya. Sitaeleza ilianzaje, maana wanaojua kueleza ndio hao hao walioileta. Ninachojua mimi ni kwamba kiwanda cha nguo kilifunga geti, na haukupita muda watu waliokuwa wakinunua mkaa kwa gunia wakaanza kununua kwa kopo. Mimi nikakubali kopo, nitafanyaje. Lakini kitanda nani anakipima kwa kopo?

Watu walikuwa wanakuja, si kwamba hawakuja. Walikibonyeza kitanda, wakakigonga kwa vidole kama wanaochagua tikiti maji, wakakikalia, wakakipanda hata na viatu, wakauliza bei, wakasema, "Nitarudi." Shemeji akalichukia neno hilo kuliko matusi.

"Afadhali mtu aniambie kitanda chako kibaya," aliniambia. "Nitarudi, nitarudi! Karudi nani?"

Maharusi nao wakaoana hivyo hivyo, wakatandika godoro chini, na mapenzi hayakupungua hata chembe. Nadhani hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Hofu ikamwingia. Yeye hakuiita hofu, aliiita tumbo. Choo cha pale tunatumia wote na ufunguo wake unatundikwa kibandani kwangu, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa naipima hofu yake. Mwenye eneo akitokeza kona, ufunguo. Mteja akisema nitarudi, ufunguo. Redio ikianza kusoma habari za uchumi, mwenzangu hata haombi, anaunyakua na kukimbia.

"Shemeji, hilo ni tumbo au ni hali?" nilimwuliza.

"Ni maji ya hapa."

"Maji tunakunywa wote."

"Tumbo si letu wote."

Ng'ambo ya barabara yupo fundi mwenzake, naye ni wa vitanda. Tunamwita Msumari, kwa wembamba wake na kwa tabia yake ya kuchoma watu. Hawakuwahi kugombana hata mara moja, kazi yao ilikuwa kuchunguzana tu, mwaka nenda mwaka rudi. Sasa shemeji, badala ya kuogopa njaa kama watu wengine, aliogopa Msumari asije akajua kwamba ana njaa. Basi asubuhi akifika anachukua ubao mtupu, anauweka juu ya meza na kuupiga nyundo, ko ko ko, ko ko ko. Hakuna msumari unaoingia wala unaotoka, hakuna kinachoungwa. Anapiga ili ng'ambo wasikie. Akichoka anashika msasa na kukisugua kitanda kilichokwisha zamani, kile kile alichokisugua jana. Kitanda kizuri cha mbao ngumu, alikisugua mpaka miguu ikakonda kama ya mtu aliyetoka kuugua.

"Utakimaliza hicho," nikamwambia.

"Nakiremba."

"Endelea kuremba, utauza vijiti vya kuchokolea meno."

Siku moja nafika kazini nakuta makubwa. Mafundi vitanda wana desturi yao. Kitanda kikishaagizwa au kulipiwa, fundi anaandika kwa chaki kwenye ubao wa kichwani jina la mwenyewe, asije mwingine akakitamani bure. Asubuhi hiyo vitanda vyote vilivyopangwa nje vilikuwa na wenyewe. *Cha Daktari. Cha Mhasibu. Cha Bi Harusi. Cha Mwalimu Mkuu.* Cha mwisho, naona vyeo vilikuwa vimemwishia, kakiandika *Cha Mteja.*

"Shemeji, hongera! Umeuza vyote?"

"Sema polepole."

"Si vimeuzwa?"

"Vitauzwa. Mtu akiona wakubwa wanachukua, na yeye moyo unamcheza. Biashara ni akili." Akakodolea macho ng'ambo. "Mwone Msumari anavyochungulia. Leo halali huyo."

"Na wewe ulilala jana?"

Akaokota chaki, akakoleza Cha Daktari. Mdogo wangu alikuwa ameshaniambia kwamba mumewe siku hizi anahesabu misumari ya paa. Fundi aliyelaza mtaa mzima, yeye mwenyewe usingizi umemkimbia.

Hali ikiwa mbaya kuna watu wanaonenepa. Mmoja wao alikuwa bwana mmoja wa viatu safi, mnunuzi wa mashine, anayepita kwenye karakana zinazokata roho na kuondoka na kilicho cha maana. Mtaani tulimwita Pole Sana, kwa sababu hiyo ndiyo salamu yake. Anaingia kwako mkono uko kifuani, "Poleni sana jamani, poleni sana," na huku macho yameshapima mashine yako itapitaje mlangoni.

Nilimwona kaja kwa shemeji. Akaizunguka mashine ya randa, akaigonga mbavu, akainama akaitazama kinywani kama mtu anayenunua mbuzi. Alipoondoka nikaingia.

"Huyo alifuata nini?"

"Fundi wa mashine. Kaja kuangalia bolti."

"Fundi wa mashine asiye na grisi hata kwenye ukucha? Shemeji, nidanganye vizuri basi."

Akakaa kitako juu ya Cha Mhasibu. Akavua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Naiuza," akasema. "Ijumaa anakuja kuing'oa. Shemeji yangu, nikipata cha kutuvusha hapa katikati, nitatulia, nitafikiri. Sasa hivi sifikiri. Kila nikitaka kufikiri, tumbo."

"Na ukishaiuza, Jumamosi unaamka nani?"

"Naamka fundi."

"Unaamka mtu mwenye nyundo. Mdogo wangu anajua?"

Hapo akanishika mkono, vumbi la mbao na vumbi la mkaa vikachanganyikana. "Usimwambie, nakuomba. Nitamwambia ikishaondoka."

"Akiuliza lile shimo?"

"Nitasema imekwenda matengenezo."

Nilitaka kumchapa na kile kikofia chake. Lakini nikamtazama vizuri, nikaona shingo imepwaya kwenye kola, nikasema haya. Nikampa mpaka Ijumaa amwambie mkewe kwa kinywa chake, la sivyo nitamwambia mimi, na mimi nikisema huwa siachi kitu.

Jumatano asubuhi akaja nesi. Ni nesi wa kituo cha afya cha jirani, mama mpana mwenye sauti ya amri, ambaye akishika sindano hatofautishi mkubwa na mdogo. Alikuwa na sare yake. Akapita katikati ya vitanda, anabonyeza, anasoma, anabonyeza, anasoma. Shemeji akatoka ndani anafuta mikono. Nikasema moyoni, Mungu si mchoyo, mteja huyo.

"Fundi, hiki kizuri."

"Asante mama. Hicho kina mwenyewe."

Nikageuza shingo. Nikadhani sikusikia vizuri.

"Na hiki?"

"Cha Mwalimu Mkuu hicho."

"Na hiki cha Daktari, daktari gani?"

"Daktari wa... wa hapa hapa."

"Daktari wa hapa ni mmoja, nafanya naye kazi. Jana tu analalamika kwamba mshahara haujaingia na analalia kitanda cha wagonjwa."

"Daktari mwingine, mama. Wa meno."

"Wa meno! Yuko wapi?"

"Anahamia."

Mimi huku nimejiziba mdomo, mkaa wote umenipaka uso. Jamani, chaki inafutwa kwa kiganja! Amelia siku zote hizo kwamba wateja hawaji, leo mteja kaja kwa miguu yake, na mwenzangu anamkinga asifike kwenye vitanda kama askari wa benki. Alishindwa kufuta kwa sababu akifuta tu, nesi atajua kwamba ni uongo, na nesi akijua, Msumari atajua kabla ya saa ya chai.

"Haya, na hiki kilichoandikwa Cha Mteja?"

"Cha mteja, mama."

"Mteja si mimi?"

"Mteja mwingine."

Nesi akamtazama kwa namna ile wanayomtazama mgonjwa aliyekunywa dawa ya kupaka. Akasonya, akavuka barabara kwenda kwa Msumari.

Shemeji akabaki amesimama, mikono inaning'inia. Mteja wake wa kwanza tangu sijui lini, kampeleka kwa adui kwa mdomo wake mwenyewe. Akageuka kunitazama. Nikajua kinachofuata ni ufunguo.

Lakini hakuuomba, kwa sababu ng'ambo kulikuwa na jambo. Asubuhi hiyo Msumari naye alikuwa amenunua chaki. Alivyokuwa akichungulia wiki nzima alikuwa ananakili, na kwa kuwa hapendi kushindwa, akaongeza vyeo. Vitanda vyake vilikuwa *Cha Jaji, Cha Rubani, Cha Mheshimiwa.* Tukamwona nesi anabonyeza, anasoma, anauliza. Tukamwona Msumari anatikisa kichwa, mkono kauweka juu ya Cha Rubani kama anayekituliza.

Nesi akatoka. Akasimama katikati ya barabara, mikono kiunoni, mwenye baiskeli akamzunguka.

"Hivi nyinyi mna nini?" akapaza sauti. "Hali ngumu, hali ngumu, kutwa mnalia hali ngumu, na vitanda vyote vimeuzwa! Kanunua nani? Hao majaji na marubani wanalala mtaa upi, mbona sijamdunga hata mmoja?"

Mtaa mzima ukaangua kicheko. Wauza mboga walicheka, wanaosubiri vibarua kona walicheka. Na katikati ya kicheko hicho shemeji na Msumari wakatazamana, huyu huku, yule kule, kama watu wawili waliokutana mtoni bila nguo. Kila mmoja akasoma chaki ya mwenzake, na kila mmoja akaelewa ko ko ko yote aliyokuwa akiisikia ilikuwa ya nini.

Mimi nilimkimbilia nesi. Mwili wangu si wa kukimbia, ndala moja ikabaki njiani, lakini nilimfikia.

"Mama, subiri! Vitanda vipo."

"Vipo au vimeuzwa?"

"Vipo. Fundi anaona haya tu."

"Haya ya kuuza?"

"Ya kutouza."

Akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha akaniinamia, sauti ikashuka ghafla. "Dada, nikwambie ukweli? Hata mimi sikuja kununua. Ninunue kwa mshahara upi? Kitanda changu kimekatika chaga, vile vibao vya kubebea godoro, halafu kinalia. Nilitaka kumwuliza kama anaweza kuja kukikaza. Nilipoona oda zote zile za wakubwa, nikasema huyu atanicheka, bora nijifanye nachagua."

"Kinalia sana?"

"Usiniulize. Nyumba yetu ni vyumba sita mfululizo, kuta za mbao. Nikigeuka tu, chumba cha pili wanakohoa. Na mume wangu ni mlinzi, usiku hayupo! Sasa fikiria wanachofikiria."

Nilirudi kwa shemeji nikamweleza. Akavimba.

"Mimi ni fundi wa kutengeneza vitanda, si wa kuzunguka. Nikatize barabarani na mfuko wa nyundo kwenda kukaza kitanda kimoja? Msumari atasema nini?"

"Msumari atasema nini, mtu aliyeandika Cha Rubani?"

Akaangalia ng'ambo, akaangalia chini. "Nipe ufunguo."

"Ufunguo haupo."

"Shemeji, tumbo!"

"Unakwenda kwa nesi, dawa anazo. Beba nyundo."

Akaenda. Nami nikafunika mkaa wangu nikamfuata, nisije nikasimuliwa. Mfuko wa vifaa aliubana kwapani kama kuku wa wizi, anatembea ukutani ukutani. "Sita kwa Sita, leo unahama?" mmoja akamtania. Akajibu kwa kukohoa.

Chumba cha nesi ni kitanda, kabati na njia ya mtu mmoja. Tukainua godoro. Chaga mbili zimekatika, moja imeegemezwa tofali, nyingine imesimamishwa juu ya kopo la maziwa ya watoto. Bolti zote zimelegea. Shemeji akasonya. Akalala chali, akaingia chini ya kitanda, ikabaki miguu. Nikamsikia anaongea na bolti huko huko, "Nani kakufunga hivi wewe, nani kakufunga," na mikono yake ikasahau kwamba mwenyewe anaogopa. Alipotoka, buibui kamning'inia kichwani, alikuwa na uso niliokuwa nimeusahau.

"Kikalie, mama."

Nesi akakaa. Kimya.

"Jitupe."

Akajitupa, na si mwanamke mdogo. Kimya. Akajitupa tena, mara hii kwa raha. Kutoka chumba cha pili sauti ya kiume ikauliza, "Jirani, mbona leo hatusikii kitu? Mmegombana?"

"Nani na nani?" nesi akafoka. "Mimi na kitanda?"

Milango ikafunguka yote. Wanawake wakatoka na vitenge vifuani.

"Fundi, ukitoka huko pitia na kwangu!"

"Changu kinalia tangu niolewe."

"Chako kinalia kwa uzee, mwenzangu, usitusingizie kazi."

"Fundi, mimi changu nimekifunga kamba. Usicheke ukiingia."

Hakucheka. Alipita chumba hadi chumba na kila chumba kilikuwa na tofali lake, kopo lake, kamba yake. Hakuna aliyekuwa ananunua kitanda kipya, basi vile vya zamani vyote vilikuwa vimesukumwa mpaka vikachoka, na kila mtu alidhani kinacholia ni chake peke yake. Tulitoka hapo mkono wa kushoto wa shemeji umeandikwa vipimo kwa penseli mpaka kwenye kiwiko.

Alipofika karakana akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya. Akavuka barabara.

"Nina chaga za kuranda kuliko mikono," akamwambia Msumari. "Una mbao?"

"Mbao ninazo."

"Lete. Mashine ninayo."

Msumari akakuna kidevu. "Na daktari wa meno?"

"Kaahirisha. Rubani wako?"

"Hajatua."

Sasa msidhani mambo yalikwisha hapo. Alhamisi mashine ililia kutwa, na kila ubao ukitoka yeye anaupapasa kisha anashusha pumzi kama anauaga. Hakuwa amemwambia mkewe, wala hakuwa amemkataza Pole Sana.

"Chaga si kitanda, shemeji," akaniambia. "Mtu atakaza kitanda mara ngapi? Nyumba hizi zikiisha nitakwenda wapi? Nikimuuzia, angalau najua nilichoshika. Nisipomuuzia, nimeshika chaga."

"Na ukimuuzia, hizo chaga utaziranda kwa meno?"

"Sijui."

Angalau hilo lilikuwa la kweli. Sikumsukuma.

Ijumaa Pole Sana akaja na mkokoteni na wanaume wawili wenye spana. "Poleni sana jamani, poleni sana." Shemeji kumwona tu, ufunguo! Akapotea nyuma. Wale wanaume wakapiga magoti kwenye mashine.

"Msubirini mwenyewe," nikasema.

"Tumeshakubaliana naye, mama," Pole Sana akaniambia kwa upole wake ule wa msibani. "Fungueni vijana."

Msumari alikuwa mlangoni, mbao zimemjaa mikononi. Spana ikauma bolti ya kwanza. Ilikuwa imekaa pale miaka, ikalia kwa uchungu, na kilio chake kikafika chooni.

Mlango wa choo ukapigwa teke. Shemeji akatokea anakimbia, mkono mmoja umeshika suruali, mkanda unaburuta chini.

"Acha! Acha hiyo bolti!"

"Mzee, si tulikubaliana?" Pole Sana akashangaa.

"Tulikubaliana naharisha!"

"Na sasa?"

"Sasa pia naharisha! Lakini haiuzwi."

Alikuwa anatetemeka, nisiwadanganye. Sauti ilikuwa imepanda juu kama ya mvulana. Kama mlitaka shujaa, mtafuteni kwingine. Lakini hakusogea. Akasimama kati ya spana na mashine yake, suruali mkononi.

"Utanitafuta mwenyewe," Pole Sana akasema, upole wote umemwisha. "Na siku hiyo bei yangu haitakuwa hii."

"Labda nitakutafuta. Kweli kabisa, labda. Leo nina kazi."

Msumari akaweka mbao chini, akamnyang'anya yule kijana spana, akapiga goti na kuikaza bolti mwenyewe, maana mtu mwenye mkono mmoja hawezi. Pole Sana akaondoka na mkokoteni mtupu, magurudumu yanapiga kelele mpaka kona, na pale kona wenye nyundo wakamwambia pole sana.

Habari mtaani kwetu haihitaji simu. Mdogo wangu akaingia anahema, kitana kimechomekwa kichwani. Nyuma yake kaja mteja wake, nusu kichwa kimesukwa, nusu kimesimama wima, kwa sababu hakutaka kukosa.

"Ulitaka kuiuza?" mdogo wangu akauliza. "Bila kuniambia?"

Shemeji akanitazama. Nikatazama dari.

"Niliogopa," akasema. Ndiyo mara ya kwanza neno hilo kulitoa kinywani, na hakusema tumbo.

"Uliogopa nini?"

"Hali."

"Na mimi?"

"Wewe zaidi."

Watu wakacheka. Mdogo wangu hakucheka. Akaja mpaka karibu, akaokota ncha ya mkanda iliyokuwa inaburuta, akampa mkononi.

"Mtu mzima unaogopa peke yako kwa kujificha, kama mtu anayekula nyama uvunguni," akamwambia. "Kuanzia kesho ukiamka na hofu, niamshe. Tuogope wote, tukimaliza kila mtu aende kazini."

"Na nikiogopa mchana?"

"Mchana fanya kazi huku unaogopa. Mimi nasuka hivyo hivyo tangu kiwanda kifungwe. Unadhani ninavyoimba pale barazani ni furaha?"

Shemeji akaacha kuhangaika na mkanda. Akamtazama mkewe kama mtu aliyeonyeshwa chumba cha ziada kwenye nyumba anayoishi. Nami, nikubali tu, nilikuwa nadhani ni furaha.

"Jamani," akasema yule wa nusu kichwa, "mkimaliza mapenzi, mimi nina harusi."

Wakaondoka. Shemeji akafunga mkanda, akanawa, akawasha mashine, akanyoosha mkono. Msumari akampa ubao wa kwanza.

"Huu wa nani?" shemeji akauliza kwa sauti ya juu.

"Wa yule mama wa chumba cha mwisho. Anayesema chake kinalia tangu aolewe."

Shemeji akaupima kwa jicho, akaurudisha.

"Nipe mnene zaidi," akasema.